Modemu ya gari inaposumbua: pima umeme kabla ya kulaumu laini

Malalamiko kuhusu modemu ya gari humfikia fundi yakiwa na sura moja tu: "Mtandao umekufa." Makanga husema hivyo, mwenye gari husema hivyo, na dereva wa basi la shule akipiga simu kutoka Kitengela naye hana maneno mengine. Basi laini hulaumiwa kwanza, kampuni ya simu ikatukanwa, kisha mtu akashuka Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua modemu mpya. Nayo ikifungwa kwenye nyaya zilezile, haipiti muda kabla haijaanza vituko vilevile.

Katika magari mengi yanayoletwa na lawama hiyo, mtandao hauna kosa. Modemu haipati umeme uliotulia. Nyumbani kifaa hiki hulishwa na adapta isiyobadilika. Ndani ya gari volti hupanda na kushuka siku nzima: karibu 12.6 betri ikiwa imejaa na gari limezimwa, kati ya 13.8 na 14.4 altaneta inapochaji, halafu 9 au chini ya hapo kwa sekunde moja mbili stata inapozungusha injini. Ndiyo maana tunaanza na umeme, na tutakaa hapo kwa muda kabla ya kufika kwenye laini na antena.

Vifaa unavyohitaji ni vichache. Multimita, hata ya bei ya chini. Balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili zenye vibanio. Laini ya pili ambayo una hakika ina bando. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa iache nyumbani. Itakuambia moto upo, haitakuambia ni volti ngapi.

Inavyotakiwa kufungwa

Modemu iliyoundwa kwa ajili ya magari huwa na nyaya tatu za maana: moto wa kudumu kutoka betri, moto wa ignisheni unaokuja ufunguo ukizungushwa, na ethi, yaani waya wa kuurudisha umeme kwenye upande hasi wa betri. Ule wa kudumu ndio unaolisha kifaa. Wa ignisheni hubeba habari tu: gari limewashwa, gari limezimwa. Likizimwa, modemu hungoja dakika ulizoipangia, ndipo ijizime yenyewe.

Rangi za nyaya usiziamini kabla ya kusoma karatasi ya kifaa. Modemu nyingi za kampuni ya Teltonika zenye plagi ya pini 4 zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa ethi, hapo hakuna ubishi. Lakini kijani ni ya kupokea ishara na nyeupe ni ya kutoa. Ukibahatisha, utaupeleka moto wa ignisheni mahali ambapo modemu yenyewe inatoa ishara, na hapo unaweza kuiharibu.

Waya wenye unene wa milimita ya mraba 1 unatosha kabisa, na fyuzi ya ampea 3 inatosha pia. Fyuzi ikae karibu na betri, usiipeleke nyuma ya dashibodi penye modemu. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukisuguana na bodi hadi ukagusa chuma mahali fulani kati ya betri na fyuzi, hakuna kitakachoukata moto huo, na waya utaungua ukiwa ndani ya zulia la gari. Kwa sababu hiyohiyo fyuzi ya ampea 20 si "nguvu zaidi". Ukiiweka kwenye waya mwembamba, waya ndio utakaoungua badala ya fyuzi. Vishikio vya fyuzi vyenye kifuniko cha kuzuia maji vinapatikana kwa urahisi Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan.

Haiwaki kabisa, hakuna hata taa moja

Anza na fyuzi, lakini usiishie kuitazama. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye ethi, kisha gusa upande mmoja wa fyuzi, halafu wa pili. Moto upande mmoja tu maana yake fyuzi imekatika, hata kama jicho linaiona nzima.

Fyuzi iliyoungua isibadilishwe na kusahaulika. Chomoa plagi ya modemu, halafu weka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Balbu ikiwaka ilhali modemu haimo, waya unagusa bodi mahali fulani njiani. Iache ikiwaka, mwambie mtu aitazame, nawe upapase nyaya kuanzia chini ya kapeti ya dereva hadi mwisho, ukizitikisa kidogo kidogo. Pale balbu itakapozima ndipo penye jeraha. Njia hii haimalizi fyuzi za watu, na haihitaji kifaa cha bei.

Fyuzi ikiwa nzima, pima kwenye plagi yenyewe ya modemu. Hapa ndipo wengi hudanganywa. Mita ikionyesha 12.5 wanafunga dashibodi na kutangaza kwamba modemu imekufa. Mita haili umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na unyuzi mmoja bado utaisomea volti kamili, kama bomba lililoziba ambalo bado linadondosha tone. Unganisha balbu kwenye plagi ileile, kati ya moto na ethi, kisha upime tena ikiwa inawaka. Balbu hiyo hula karibu ampea 1.75, zaidi ya modemu nyingi. Volti zikibaki juu ya 12, nyaya zako ni nzima na sasa una haki ya kuishuku modemu. Zikianguka hadi 7 au balbu ikawaka kwa unyonge, tatizo liko kwenye kiungo fulani kati ya hapo na betri.

Mara nyingi kiungo hicho ni mahali ambapo nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuviringwa tepi. Tepi huachia gundi yake kwenye joto la dashibodi, shaba hupata kutu, na gari la abiria halikosi mtikisiko. Tumia viungo vya kubana kwa koleo, kisha mpira wa kusinyaa kwa joto juu yake.

Inazima kila gari likipigwa stata

Hii haidhuru modemu, ila inawaudhi watu. Kuwaka upya na kushika mtandao huchukua kama dakika moja au zaidi, na matatu iliyokwama kwenye msongamano wa Globe, dereva akizima injini na kuiwasha ili kuokoa mafuta, hutumia safari nzima ikiwa haina intaneti.

Sababu ya kwanza ni waya wa ignisheni uliochukuliwa mahali pasipofaa. Swichi ya ufunguo ina hatua ya redio, yaani ACC, na hatua ya ON. Moto wa ACC hukatwa kwa makusudi stata inapozunguka, ili betri yote ifanye kazi moja. Ule wa ON hubaki. Shika mita kwenye waya unaoushuku, mwenzako azungushe ufunguo hadi injini ishike. Ikishuka hadi 0 kisha ikarudi, uko kwenye ACC. Hamia saketi ya ON. Lakini usiutoe moto huo kwenye fyuzi ya mifuko ya hewa, ya breki za ABS, au ya kompyuta ya injini, na kwenye gari la abiria usiguse kabisa nyaya za kidhibiti mwendo. Likikamatwa barabarani kidhibiti kikiwa na kasoro, hakuna ofisa wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, atakayesikiliza habari za modemu.

Sababu ya pili ni betri iliyochoka. Ikiwa moto wa kudumu wenyewe unashuka chini ya volti 9.6 stata ikizunguka, betri hiyo iko njiani kuondoka, au vichwa vyake vina ule unga mweupe na wa kijani unaozuia umeme. Modemu nyingi za magari huanzia volti 9. Chini ya hapo zinazima, na hazina kosa.

Sababu ya tatu ni kwamba hiyo si modemu ya gari. Ruta ya nyumbani ya volti 12 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri inapewa 14.4 mchana kutwa na 9 kila asubuhi. Kama ni lazima uitumie, iwekee kigeuzi kinachopokea kati ya volti 9 na 36 na kutoa 12 isiyobadilika. Kile cha bei ya chini kabisa kina tatizo lake, tutalikuta kwenye GPS.

Inajizima njiani bila mpangilio

Mpangilio upo, ila unahitaji kuuliza maswali. Usimwulize dereva "inazima mara ngapi", muulize inazima wapi na wakati gani.

Akisema ni kwenye matuta, jambo ni la kimitambo: plagi iliyolegea, laini isiyoshikwa vizuri kwenye tundu lake, kiungo kilichosokotwa. Wale waliochomeka modemu kwenye tundu la kiberiti watafute hapo kwanza, kwa sababu plagi hiyo hujisukuma nje yenyewe kwa mtikisiko. Mimi siikubali kwa kazi ya kudumu.

Akisema ni saa nane mchana baada ya gari kuegeshwa juani, gusa modemu. Vifaa vingi vya nyumbani vimeandikwa mwisho wa nyuzi joto 40, na vya viwandani hufika 75. Nairobi si Garissa, lakini dashibodi nyeusi chini ya kioo cha mbele huzipita 60 bila taabu. Ihamishe chini ya kiti au nyuma ya paneli yenye hewa. Vimodemu vya mfukoni vyenye betri ndani ndivyo vya kuogopa zaidi. Vikichajiwa muda wote kwenye joto betri huvimba, na ukiona kifuniko kimeinuka kitoe garini siku hiyohiyo.

Akisema ni muziki ukipandishwa, kaa kitako, maana hapa kuna kazi. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Rongai au ya Umoja ina vikuza sauti vinavyovuta makumi ya ampea kila besi inapopiga, pamoja na skrini, taa za rangi na pengine betri ya pili. Umeme wote huo lazima urudi kwenye betri kupitia ethi. Kama fundi wa muziki na fundi wa modemu walifunga ethi kwenye boliti moja, na boliti hiyo imekaa juu ya rangi, volti za modemu zitacheza pamoja na ngoma.

Pima hivi: modemu iwe imewashwa, muziki juu, ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye waya wa ethi pale unapoingia kwenye modemu. Ethi nzuri itakupa chini ya volti 0.1. Ukiona 0.2 kwenda juu, ikarabati. Ukiona 1, usishangae chochote ambacho kifaa hicho kimekuwa kikifanya.

Kuna baya zaidi. Ethi ya modemu ikikatika kabisa, kifaa kinaweza kuendelea kuwaka kwa sababu umeme umepata njia nyingine ya kurudi: ala ya chuma ya kebo ya antena iliyofungwa kwenye paa, au kebo inayokiunganisha na skrini. Shika kebo ya antena. Ikiwa na vuguvugu, umeipata. Modemu ya namna hiyo hushika mtandao vibaya, huzima ovyo, na hatimaye huunguza sehemu yake ya redio. Dawa ni ethi ya peke yake: kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia kiatu cha mviringo mwishoni mwa waya na washa yenye meno chini ya boliti, kaza, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Magari yaliyochorwa bodi nzima hupakwa rangi upya mara kwa mara, kwa hiyo angalia ethi hiyo kila gari likitoka kwa wachoraji.

Betri imekufa asubuhi

Hesabu yake ni fupi. Modemu ya wati 5 hula karibu ampea 0.4. Kwa saa 24 hiyo ni karibu Ah (ampea-saa) 10. Basi la shule lililoegeshwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri limekaa saa 60 hivi, na limeliwa Ah 24, zaidi ya nusu ya betri ya Ah 45 ikiwa mpya. Ikiwa ya zamani, hesabu tayari imekwisha. Ndiyo maana mabasi ya shule hayasumbui muhulani kisha yanakataa kuwaka baada ya likizo ya Agosti.

Kama modemu inalishwa na moto wa kudumu na waya wa ignisheni haujaunganishwa, haijui kamwe kwamba gari limelala. Unganisha waya huo, kisha ingia kwenye mipangilio uweke muda wa kusubiri. Dakika 15 hadi 30 zinatosha kwa matatu inayongoja abiria stejini. Kifaa chenye kikomo cha volti kiwekee 12.2 kwa gari la volti 12, ili kijizime kabla betri haijashindwa kupiga stata.

Ukitaka kuthibitisha nani anakula umeme, legeza kichwa hasi cha betri, weka mita iliyo kwenye ampea 10 kati ya kichwa na nguzo, funga milango, subiri robo saa ili kompyuta za gari zilale. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ukiona 0.4 chomoa fyuzi ya modemu utazame kama inashuka. Na mtu asiguse ufunguo wakati huo: stata ikizunguka kupitia mita, fyuzi ya mita ndiyo itakayoondoka.

Gari lina volti 24

Mabasi na malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Mafundi fulani huona hapo njia ya mkato, wakachota volti 12 kati ya betri mbili ili kulisha modemu, redio na taa. Vitu vitawaka, na kwa wiki kadhaa hutasikia neno. Lakini betri moja sasa inaliwa zaidi ya mwenzake, huku altaneta ikizichaji kana kwamba ziko sawa. Ya chini haijai, ya juu inazidishiwa hadi inachemka maji yake. Mwenye basi atanunua betri mpya akidhani zile zilikuwa duni.

Tumia modemu inayokubali hadi volti 36, au kigeuzi kinachoshusha 24 kuwa 12 kutoka betri zote mbili. Ile inayoandikwa 9 hadi 30 itafanya kazi, lakini kumbuka altaneta ya gari hilo hufika 28 na zaidi, kwa hiyo nafasi iliyobaki juu ni finyu.

Taa zote ni nzuri, intaneti hakuna

Sasa laini. Itoe, itie kwenye simu, fungua ukurasa wowote. Bando lililoisha usiku wa manane ndilo kosa la kawaida kuliko yote hapa, na ni la bure kulitambua. Simu ikifanya kazi na modemu haifanyi, angalia mambo matatu. Je, laini ina PIN ambayo simu inaijua na modemu haiijui? Je, APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, ni sahihi? Kwa Safaricom andika safaricom, jina la mtumiaji saf, nenosiri data; kwa Airtel andika internet. Je, laini ndogo imewekwa ndani ya kipachiko cha plastiki ili ijae tundu kubwa? Vipachiko hivyo hulegea garini. Nenda ukabadilishiwe laini ya ukubwa unaotakiwa.

Dalili inayofanana na hii: ndani ya gari intaneti iko safi, lakini mwenye gari akiwa ofisini hawezi kufungua kamera kwa anwani ya modemu. Hapo hakuna kilichoharibika. Laini za kawaida hupewa anwani ya ndani ya kampuni ya simu, na mtu wa nje hawezi kuipigia. Modemu ndiyo ianzishe mawasiliano kutoka ndani, kwa VPN, yaani njia ya faragha juu ya intaneti, au kwa huduma ya wingu ya mtengenezaji wa kamera.

Mtandao upo lakini unasota

Fungua ukurasa wa modemu utafute RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya 4G yanayofika kwenye modemu. Ni namba hasi. Minus 90 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Minus 100 hadi 110 ni ya kuvumilia. Chini ya minus 115 unabahatisha. Kisha linganisha na wakati.

Namba ni nzuri, lakini saa kumi na mbili jioni kwenye Thika Road hakuna kinachofunguka, na saa nne usiku palepale mambo ni shwari: mlingoti umelemewa na watu wote walio kwenye msongamano pamoja nawe. Antena mpya haitakusaidia, na anayekuuzia kwa ajili hiyo anakula pesa zako. Laini ya kampuni nyingine inaweza kusaidia, na modemu yenye matundu mawili ya laini ina faida hapo.

Namba ni mbaya kila mahali, hata chini ya mlingoti: tazama antena. Kwanza, je, imeunganishwa kwenye tundu lake? Modemu ya gari inaweza kuwa na matundu ya mtandao wa simu, ya wifi na ya GPS, yote yakifanana kwa nje. Tundu la wifi mara nyingi ni la aina ya RP-SMA na la simu ni la aina ya SMA. Kiunganishi kisicho sahihi kitakaza vizuri tu, lakini ukitazama katikati hakuna pini inayoingia kwenye kitu. Pili, antena ya sumaku imebandikwa juu ya nini? Inahitaji bati pana chini yake. Paa la faiba au kona chini ya keria haliipi hilo. Na antena iliyofichwa ndani, nyuma ya kioo chenye tinti ya metali, imefungiwa ndani ya sanduku.

Tatu, urefu wa kebo. Mita 5 za kebo ya aina ya RG58 kwenye mawimbi ya 1800 MHz hula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye modemu. Usiache kebo ya ziada imeviringwa chini ya kiti. Ifupishe, au isogeze modemu karibu na paa.

Nne ni maji. Mapokezi yanayofifia polepole tangu mvua za masika, badala ya kukatika ghafla, ni maji ndani ya kiunganishi au kebo. Kabla kebo haijaingia kwenye tundu la bodi, iache ishuke kidogo kisha ipande, ili tone lidondoke pale chini. Kebo ambayo shaba yake imekuwa ya kijani haifufuki. Ibadilishe.

Na kuna wale walioletewa modemu na ndugu kutoka Marekani. Inashika 3G tu, au 4G mahali na mahali. 4G yetu hapa Kenya iko kwa sehemu kubwa kwenye bendi ya 20, yaani 800 MHz, na bendi ya 3, yaani 1800 MHz. Modemu nyingi zilizoundwa kwa soko la Marekani hazina hiyo ya 20, ambayo ndiyo hufika mbali na kupenya kuta. Hakuna mpangilio utakaoiongeza. Soma orodha ya bendi kabla ya kulipa.

Asubuhi wote wanaunganishwa, mchana abiria wapya wanakwama

Hii ndiyo dalili inayowachanganya hata mafundi wazuri, kwa sababu ukiizima modemu na kuiwasha hupona, na kila mtu huamini ilikuwa "imechoka". Modemu humpa kila simu anwani, na kuna ruta zilizopangwa kugawa anwani 150 tu na kumwachia kila mtu yake kwa saa 24. Matatu ya viti 33 ikimaliza safari ya tano, simu 165 zinaweza kuwa zimepita. Anwani zimekwisha, ingawa ndani kuna watu 33 tu. Simu za siku hizi hubadilisha utambulisho wao wa wifi, hivyo hata abiria wa kila siku huweza kuhesabiwa kama mgeni. Ingia kwenye mipangilio ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani, punguza muda hadi dakika 30, na uongeze wigo wa anwani. Haigharimu chochote.

Kama badala yake ni watu 10 tu wanaoweza kuingia kwa wakati mmoja, hicho ni kimodemu cha mfukoni na huo ndio mwisho wake. Hakikutengenezwa kwa matatu.

GPS inapotea, gari linaonekana liko mtoni

Antena ya GPS lazima itazame mbingu, uso wake ukielekea juu. Ikiwa imewekwa vizuri na bado inapotea, zima taa za LED na vigeuzi vya volti kimoja baada ya kingine ukitazama idadi ya setilaiti kwenye ukurasa wa modemu. Vigeuzi vya bei ya chini na viendesha taa hutoa kelele za redio, na ishara ya GPS ni hafifu mno kushindana nazo. Kikipatikana mkosaji, kihamishe mbali na antena au ukibadilishe.

Ilikuwa nzima, gari likaenda gereji, ikarudi imekufa

Uliza mambo mawili. Je, walichomelea bodi? Mkondo wa mashine ya kuchomelea hurudi kupitia chuma cha gari, na kifaa chochote kilichofungwa hapo kimo njiani. Je, kuna aliyevua kichwa cha betri injini ikinguruma, ili "kupima altaneta"? Kwa kufanya hivyo altaneta hukosa pa kumwaga umeme wake na volti huruka ghafla hadi makumi kadhaa, zaidi ya kile modemu imeandikiwa. Altaneta hupimwa kwa mita, betri ikiwa imeunganishwa: 13.8 hadi 14.4 injini ikinguruma, basi.

Gari likipelekwa kuchomelewa, chomoa plagi ya modemu na kebo zake za antena kabla ya kumkabidhi fundi ufunguo, na fyuzi yake uitie mfukoni.